Makoti Mia Nane

Alhamisi, kando ya ziwa lililoganda,
tumekaa wanne kwenye benchi la juu la sauna,
bega kwa bega. Jasho halichagui.
Mwenye kata ni Sirkka. Anamwagia mawe maji,
mawe yanafoka, sote tunainamisha vichwa
kama watoto waliotajwa majina.
Mvuke ukitulia, anauliza lile lile la kila wiki:
“Haya, nani kasikia nini?”

Taneli hangoji. Ana miaka ishirini na mitatu
na shingo inayomuuma tangu Jumamosi.
Bendi ya vijana wa Oulu, anasema, magitaa matatu,
mpiga ngoma kavua fulana kabla hata ya kuketi.
Besi iliingilia kwenye nyayo, ikapanda magotini,
ilipofika tumboni ikapanga chumba.
“Nililia. Sijui nililia nini.
Na jamaa mmoja wa ndevu, simjui hanijui,
akanishika kichwa kwa mikono miwili
kama anayechagua tikiti sokoni.”

Sirkka anacheka mpaka anakohoa.
Yeye na Ilpo walikwenda kwenye tango,
ukumbi mmoja, usiku mmoja, nguzo moja kati yao,
na hadi leo hawajapatana.
Sirkka: mwimbaji alikuwa mwembamba,
sauti yake asali iliyolala nje kwenye baridi.
Ilpo: alikuwa mnene, tena sauti ilimkwama ubeti wa pili,
akanywa maji, akaomba radhi, akaanza upya,
na hapo ndipo wimbo ulipoanza.
“Hakuomba radhi!”
“Aliomba!”
Kata inainuliwa kama nyundo ya hakimu.
Mvuke unawanyamazisha wote wawili.

“Na wewe, Maarit? Wewe unayeingia bure?”

Mimi siingii. Mimi nalinda makoti.
Muziki uko nyuma ya ukuta, na kati yangu na ukuta
yananing'inia makoti mia nane yaliyolowa theluji,
sufu, manyoya ya bandia, moja linanuka samaki wa moshi.
Sauti hunifikia ikiwa imeshavua viatu.
Filimbi haifiki kabisa.
Tarumbeta hufika kama mtu anayeita kutoka ng'ambo,
huelewi anataka nini.

Lakini najua. Onyesho likiwa baya watu huja mbio,
kibao cha namba mkononi, macho kwenye saa.
Likiwa zuri huja polepole, kama walioamshwa.
Wanavaa koti la jirani, mikono haiwafiki, wanasema asante.
Kuna mama alinipa kidonge cha kikohozi badala ya kibao,
nami nikakipokea, nikaenda kulitafuta koti lake.

Ijumaa iliyopita zilikuwa selo sita.
Nilisikia kitu kikishuka, kikashuka tena,
kisha kimya. Si kimya cha kwisha,
kimya cha mtu aliyekushikia mlango.
Na henga zote zikagusana kidogo, nawaapia.
Nililaza shavu kwenye koti lililokuwa karibu
na yaliyobaki nikayasikilizia humo,
katika sufu ya mtu nisiyemjua.

Watu wakaisha. Koti moja likabaki.
Namba mia mbili na kumi na mbili, la kijivu,
kifungo cha chini kimeshonwa kwa uzi wa bluu.
Nje baridi ilikuwa nyuzi kumi na nne chini ya sifuri,
na mtu amekwenda kwao hivi hivi.
Nimelitundika peke yake. Hajaja.

“Huyo,” anasema Taneli, “huyo ndiye aliyesikia.”
Sirkka anataka kujua ni mwanamume au mwanamke,
mrefu au mfupi. Namwambia koti halisemi.
Ilpo anatazama vidole vya miguu yake.
“Ongeza maji,” anasema.

Anaongezewa.

Natoka kwenda kwenye tundu la barafu,
miguu inachoma, nyota zimetulia.
Mlangoni, kwenye misumari ya ukutani,
makoti matatu
na sweta.